Tususie uchaguzi wa 2027, au twende debeni?

Barua

Asalaam aleikum ndugu washauri,

Mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama na vijana hapa Likoni. Wanachama wetu wote ni wa wadi moja. Karibu kila mmoja ana kitambulisho, lakini wengi hawajajiandikisha kupiga kura. Kikao kilichopita kijana mmoja alisimama akasema tunapiga kura miaka nenda miaka rudi na mifereji bado mikavu, na kwamba matokeo ya urais hutangazwa na watu waliokuja na majibu yao mfukoni. Akapendekeza tupitishe azimio la kususia uchaguzi wa Agosti 2027, kuanzia rais mpaka MCA (mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti), na tuihamasishe wadi nzima ifanye hivyo. Alipigiwa makofi kweli kweli. Mlezi wetu, mzee wa makamo, akapinga kwa maneno matatu tu: ukisusa, wenzio wala. Akajibiwa kwamba 2017 Raila, kiongozi wa upinzani, alisusia, na mwishowe serikali yenyewe ikamwita mezani.

Nimepewa kazi ya kuandika rasimu ya azimio hilo, lipigiwe kura kikao kijacho. Naomba mnijibu bila kunifichaficha. Je, kususia kumewahi kufaulu popote? Kwa sheria yetu ya Kenya, watu wasipojitokeza uchaguzi unabatilika? Na tukiamua kwenda, tutafanya nini zaidi ya kuchovya kidole kwenye wino na kurudi nyumbani?

Katibu, Likoni

Jibu

Waaleikum salaam dada Katibu,

Kikundi chenu kitapiga kura kuamua kama mpige kura. Tunatabasamu, lakini hebu litazame jambo hilo vizuri. Siku ya kikao, yule kijana akizidiwa, hatakubaliwa akidai kwamba wanachama waliobaki nyumbani walikuwa upande wake. Mtahesabu mikono iliyonyooshwa, basi. Katiba ya Kenya inahesabu vivyo hivyo.

Ibara ya 138(4) inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, na angalau asilimia 25 ya kura zilizopigwa katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Yote yamesimama juu ya hizo kura zilizopigwa. Hakuna kifungu kinachosema wapiga kura wasipofika kiasi fulani uchaguzi ni batili. Kwa gavana, mbunge na MCA ni wepesi zaidi: mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye mshindi, hata akiwa amechaguliwa na mtaa mmoja. Kura iliyoharibika nayo haikusaidii kwenye asilimia, kwani Mahakama ya Juu iliamua 2013 kwamba kura zilizokataliwa haziingii kwenye hesabu hiyo. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni hapana, habatilishi mtu kitu kwa kukaa nyumbani.

Ushauri wetu tuuweke wazi mapema: msisusie 2027, hasa viti vya chini. Na hata wale watakaoshikilia kususia, wajiandikishe. Asilimia ya waliojitokeza hupigwa kwa idadi ya waliojiandikisha. Aliyejiandikisha asifike kituoni angalau anashusha asilimia hiyo. Asiyejiandikisha hayumo hata kwenye hesabu ya watoro. Kaunti yenu yenyewe ni ushahidi: mwaka 2022 Mombasa ilikuwa mkiani mwa nchi kwa kujitokeza, chini ya nusu ya waliojiandikisha walipiga kura. Je, kuna aliyesimama Nairobi akasema watu wa Mombasa wamegoma, tuwasikilize? Ilisomwa kama uvivu, ikapita.

Sasa 2017, maana ndiyo hoja iliyompa kijana wenu makofi. Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais ya Agosti 8 kwa uamuzi wa Septemba 1, majaji wanne dhidi ya wawili. Raila Odinga akatangaza Oktoba 10 kwamba hashiriki marudio, kwa kuwa tume haikubadilishwa. Marudio yakafanyika Oktoba 26. Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori hakukupigwa kura, maeneobunge 25 kwa jumla. IEBC, tume ya uchaguzi, ikaahirisha, kisha ikaachana nayo kabisa, ikasema kura za huko zisingebadilisha mshindi. Waliojitokeza nchini hawakufika asilimia 40. Rais Uhuru Kenyatta akatangazwa mshindi kwa asilimia 98. Mahakama ile ile iliyofuta uchaguzi wa kwanza ikaupitisha wa pili Novemba 20, na wiki iliyofuata akaapishwa. Kisheria, kususia kule hakukumzuia hata siku moja.

Basi meza ya Machi 9, 2018, ile handisheki ya Raila na Uhuru, ilitoka wapi? Ilitoka kwenye vitu ambavyo kikundi chenu hakina. Raila alisusia kiti kimoja tu. Wabunge, maseneta na magavana wake walikuwa wameshachaguliwa Agosti, wamekaa vitini, wana bajeti za kaunti mkononi. Alikuwa na miji inayoweza kusimama akisema isimame, na Januari 30, 2018 akajiapisha Uhuru Park mbele ya umati mkubwa. Mtu mwenye hivyo vyote huitwa mezani hata asiposusia. Mnachopendekeza ninyi ni kuacha vyote sita, kutoka rais mpaka MCA, kisha msubiri kuitwa. Tena tukumbushane: katika siku zile za Oktoba watu walipigwa risasi Kisumu. Pale kususia kulipogeuka kuwa kuziba barabara ili wengine wasipige kura, hesabu ilikuwa nyingine kabisa, na kumzuia mtu kupiga kura ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016. Neno hilo liandikwe kwenye azimio lenu, liwe la kususia au la kwenda.

Unauliza kama kumewahi kufaulu. Kumefaulu, na mfano mzuri ni Bangladesh, kwa sababu nchi hiyo ilitumia dawa ile ile mara mbili ikapata majibu mawili. Februari 1996 chama cha Awami League na wenzake walisusia. Wapiga kura walikuwa karibu mmoja kati ya watano. Chama tawala, BNP, kilizoa viti karibu vyote, lakini migomo ikafunga usafiri na ofisi, hata watumishi wa serikali wakaingia barabarani. Bunge lile liliishi siku chache tu, likapitisha mabadiliko ya katiba ya kuunda serikali ya mpito ya kusimamia uchaguzi, na Juni mwaka huo huo uchaguzi ukarudiwa. Waliosusia wakashinda. Januari 2014 zamu ikageuka, BNP ndiyo iliyosusia. Viti 153 kati ya 300 vilikosa hata mpinzani, wagombea wakapita bila kura kupigwa. Sheikh Hasina akatawala miaka mingine kumi, na kilichomwondoa Agosti 2024 ni maandamano yaliyoanzishwa na wanafunzi. Mara ya kwanza kususia kulikuwa kipande kimoja cha mgomo uliosimamisha nchi. Mara ya pili mgomo haukuweza kuisimamisha serikali, kukabaki viti vitupu na wenye kuvikalia.

Njia nyingine ya kufaulu ni pale sheria yenyewe inapoweka kiwango cha chini. Hungary, Oktoba 2016, serikali ya Viktor Orbán iliitisha kura ya maoni kuhusu wahamiaji. Asilimia 98 ya kura halali zilikuwa upande wake, lakini kura hizo halali zilitoka kwa kama asilimia 41 tu ya wapiga kura, na sharti lilikuwa 50. Ikawa batili. Pale kubaki nyumbani kulikuwa silaha. Likoni 2027 hakuna sharti kama hilo.

Ukivuka maji tu, kuna kisa ambacho mzee wenu bila shaka anakijua. Zanzibar ilipiga kura Oktoba 25, 2015. Siku tatu baadaye mwenyekiti wa tume, Jecha Salim Jecha, akaufuta uchaguzi. Marudio yakapangwa Machi 20, 2016, CUF, chama cha upinzani cha Maalim Seif Sharif Hamad, ikasusia. Walikuwa na haki ya kukasirika, hilo hatubishani nalo. Lakini tazama bili yake. Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM, chama tawala, akapata asilimia 91, Baraza la Wawakilishi likabaki karibu lote la CCM, na kiti cha Makamu wa Kwanza wa Rais, ambacho katiba ya visiwa iliyorekebishwa 2010 humpa chama cha pili chenye angalau asilimia 10, kikakaa wazi muhula mzima. Wafadhili walikasirika kweli: shirika la Marekani la MCC lilisimamisha mpango wa dola milioni 472 kwa Tanzania, likitaja uchaguzi ule miongoni mwa sababu. Fedha zikaenda, serikali ikabaki. Mwaka 2020 Maalim Seif akagombea kwa ACT-Wazalendo katika uchaguzi ambao chama chake kiliulalamikia vikali, akahesabiwa asilimia 19 na ushei, na Desemba akaingia serikalini kama Makamu wa Kwanza. Waliosusia walikuwa na hoja safi zaidi, waliogombea ndio waliopata ofisi.

Msomaji wa Tanzania bara atatukatiza hapa, na ana haki. CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, ilijitoa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 baada ya wagombea wake wengi kuenguliwa, CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99. Ikashiriki 2024, na bado CCM ikachukua karibu vyote. Mwaka 2025 ikashika msimamo wa bila mabadiliko hakuna uchaguzi. Aprili mwenyekiti wake Tundu Lissu akakamatwa na kushtakiwa kwa uhaini, chama hakikusaini kanuni za maadili, tume ikasema kimejiondoa mpaka 2030. Lakini Luhaga Mpina wa ACT, aliyetaka kushiriki, naye akaenguliwa. Oktoba 29 Rais Samia akapata karibu asilimia 98, kukawa na vifo, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Waangalizi wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na wa Umoja wa Afrika wote waliukosoa uchaguzi ule waziwazi. Tena kule matokeo ya urais hayapingwi mahakamani, ibara ya 41(7) ya katiba yao inakataza. Mahali ambapo jina lako halifiki kwenye karatasi ya kura na fomu yako haina hakimu wa kuipokea, hatuwezi kumwambia mtu kwa uso mkavu kwamba debe litamwokoa. Ninyi hampo huko. Msiazime msimamo wa jirani bila kuazima pia katiba yake.

Kinachotukera katika mjadala huu wa vijana wa Kenya ni kwamba unasahau kisa chetu wenyewe, tena kilichofaulu nusu. Mwaka 1997 kauli ilikuwa hiyo hiyo, bila mabadiliko hakuna uchaguzi. Baada ya maandamano ya Saba Saba, yaani Julai 7, Rais Moi alikubali kuzungumza, likaundwa kundi la wabunge wa vyama vyote, IPPG. Sheria kadhaa za kikoloni zikalegezwa na upinzani ukapewa makamishna kumi kwenye tume. Desemba wakaenda debeni. Ona kilichofanya kazi: lilikuwa tishio la kususia, lililotolewa mapema, wakati Moi alihitaji wapinzani ndani ya uwanja ili uchaguzi uonekane uchaguzi. Na ona lilipoharibika: ule utaratibu wa kuteua makamishna kwa kushauriana ulibaki mapatano ya kiungwana. Mwaka 2007 Rais Kibaki akateua makamishna peke yake, na machafuko yaliyofuata uchaguzi mwisho wa mwaka ule hayahitaji kusimuliwa. Anayetishia kususia aombe kitu kinachoandikika kwenye sheria, aombe mwaka mmoja kabla, si wiki mbili.

Tuje kwenye swali lako la tatu, ambalo ndilo lenye kazi.

Uchaguzi wa Agosti 2017 haukufutwa kwa sababu watu walinuna. Ulifutwa kwa sababu ya karatasi: fomu zilizokosekana, fomu zisizo na alama za usalama, na tume kukataa kufungua seva. Malawi nao, Februari 2020 mahakama ilifuta uchaguzi wa 2019 baada ya kuonyeshwa fomu zilizopakwa Tipp-Ex, ile rangi nyeupe ya kufutia wino, na Juni Lazarus Chakwera akashinda marudio. Upinzani wa Venezuela ulisusia ubunge 2005 ukaacha viti vyote 167 kwa watu wa Rais Chávez; 2015 ukarudi ukashinda 112. Julai 2024 mawakala wake walikusanya zaidi ya asilimia 80 ya fomu za vituo wakazichapisha dunia ione. Rais Maduro aliapishwa hata hivyo, kwa hiyo karatasi si hirizi. Lakini aliyesusia hana hata hiyo karatasi.

Kituo cha Kenya hakizidi wapiga kura 700. Kura hupigwa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, huhesabiwa pale pale, ya urais kwanza. Fomu 34A ni ya rais, 35A ya mbunge, 36A ya MCA. Mahakama ya Rufani ilithibitisha 2017, katika kesi ya Maina Kiai, kwamba matokeo yaliyotangazwa mashinani ni ya mwisho, Nairobi haina ruhusa ya kuyarekebisha. Nakala ya fomu hubandikwa mlangoni pa kituo, na mtu yeyote anaweza kuipiga picha. Mwaka 2022 IEBC iliweka fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 mtandaoni, kwa hiyo picha yako ya mlangoni ina kitu cha kulinganishwa nacho.

Tuseme wadi yenu ina vituo 30. Mnahitaji watu 60, wawili kila kituo wakipokezana, na wachache wa akiba. Wanaotaka kukaa ndani lazima wawe maajenti wa mgombea au chama, wenye barua, au waangalizi walioidhinishwa na IEBC. Wengine wangoje nje. Mambo huharibika hivi: ajenti anaondoka saa tatu usiku baada ya urais kumalizika, na fomu ya MCA inajazwa bila shahidi. Anasaini fomu tupu saa kumi jioni “ili tuwahi”. Anapiga picha iliyokata jina na nambari ya kituo, haifai kwa lolote. Simu inazima. Au hajala tangu asubuhi, anatokea mtu wa upande wa pili na chapati. Mpeni chakula, chaji ya akiba na kalamu, na mmwambie asome fomu kwa sauti kabla ya kusaini: kura za wagombea zikijumlishwa zilingane na kura halali, halali na zilizokataliwa zisizidi waliojiandikisha. Hesabu isipoingia, adai ihesabiwe tena. Kanuni zinampa nafasi hiyo, lakini si zaidi ya mara mbili. Akikataa kusaini aandike sababu, maana kukataa peke yake hakubatilishi fomu.

Na kuna jambo tunalotaka ulisome kwa sauti kikaoni. Mgombea huru wa MCA anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 500 waliojiandikisha ndani ya wadi, na asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Yule kijana anasema anaweza kuihamasisha wadi nzima ibaki nyumbani. Akiweza hilo, sahihi 500 ni kazi ya wiki mbili. Bajeti ya kaunti hupitishwa na MCA, na maji ni kazi ya kaunti.

Kama kuna wanachama ambao dhamiri yao haiwaruhusu kumpigia yeyote wa urais, waende, wachukue karatasi zote sita, wapige tano, ya sita waiharibu. Haiingii kwenye asilimia, lakini imo kwenye 34A, kwenye mstari wa kura zilizokataliwa, kituo kwa kituo. Pemba 2003, wagombea sita wa CUF walipoondolewa, chama kiliwaambia wafuasi waharibu kura katika majimbo hayo, na watu wakaziita kura za maruhani. Ziliandikwa.

Rasimu yako iwe fupi, takriban hivi: “Kikundi kimeazimia kwamba kila mwanachama mwenye kitambulisho ajiandikishe katika ofisi ya IEBC ya eneobunge kabla ya mwisho wa robo hii, katibu awekewe orodha. Kikundi kitawaandikia wagombea wa MCA na ugavana masharti matatu kuhusu maji, kila sharti likiwa na tarehe na mahali pa bomba, na majibu yao yatasomwa hadharani. Atakayekosa kujibu hatapata ajenti wala kura ya kikundi. Kila kituo cha wadi kitakuwa na watu wawili wetu hadi fomu ya mwisho ibandikwe. Hakuna mwanachama atakayemzuia mtu kupiga kura wala kumlazimisha.” Hayo masharti matatu waachieni waliopiga makofi wayaandike, na yule kijana awe wa kwanza kupewa kituo.